Kisu cha Responsabu

Mama Zaina alinipa kisu kimoja siku ya tatu ya msiba wa mumewe, mikono yetu yote miwili ikiwa na povu la sabuni. Tulikuwa uani kwake Rwezamenyo, mtaa wa Kigali, tunaosha masufuria ya pilau, na watu bado walikuwa wakiingia kutoa pole. Alifuta vidole kwenye kitenge, akafungua fundo kifuani, akatoa kitu kilichoviringishwa kwenye kitambaa cha pamba. "Chukua, Dija," akasema. "Ni cha marehemu. Kinacheza kidogo, na hawa watoto wangu wa simu hawajui kukaza hata skrubu ya miwani." Sikutaka kukichukua. Marehemu huyo, Fundi Idi, alinipiga kofi mbele ya watu mwaka wa tisini na tatu, akanifukuza kazi siku hiyo hiyo, na tangu hapo sikula tena chakula cha nyumba ile. Salamu zake zilikuja kila sikukuu ya Idi, nami nilizijibu kwa maneno mawili, vizuri, kama mtu anayelipia tiketi. Nilikuja msibani kwa sababu ya mke wake tu. Lakini mikono ina mazoea yake. Kidole gumba kilikwenda chenyewe kwenye mfereji mdogo wa ubapa, kisu kikafunguka, nikakifunga. Tak. Wanawake waliendelea kuzungumza habari za bei ya mchele na mimi nimesimama pale na sufuria miguuni, nina miaka ishirini tena.

Habari za wazazi wangu sitaziandika hapa, zina mahali pake. Nitaandika habari za chumba kimoja. Kilikuwa nyuma ya nyumba hiyohiyo, ukuta wa matofali mabichi, bati la juu lina matundu mengi hata asubuhi mwanga uliingia kama sarafu zilizomwagwa sakafuni. Tulikiita ateliye, yaani karakana, kwa heshima. Kulikuwa na tanuru dogo la makaa, mvukuto, fuawe, jiliwa mbili za kubania chuma, na ukutani tupa ishirini na moja zimepangwa kwa ukubwa, na ole wako urudishe moja mahali pa nyingine. Humo tulitengeneza visu vya kukunja. Siyo vya kumenyea viazi. Wanunuzi wetu walikuwa madaktari, wafanyabiashara wa kahawa, wazungu wa balozini waliotaka zawadi ya kupeleka kwao, na padre mmoja mnene aliyesema kisu chake ni cha kukatia jibini, nasi hatukuwahi kuonja jibini lakini tulikinoa kwa mapenzi yote. Ubapa ulitoka kwenye beringi za malori yaliyokufa. Fundi Idi aliufua, akautia moto mpaka ukawa na rangi ya chungwa bivu, akauzamisha kwenye mafuta ya mawese, halafu akauweka tena karibu na makaa na kuungojea upate rangi ya majani makavu. Hapo alikuwa hasemi na mtu. Ungemwambia nyumba inaungua angekuambia ngoja.

Mimi kazi yangu ilikuwa mpini. Pembe za ng'ombe wetu wale wenye pembe ndefu, nilizikata kwa msumeno, nikazichemsha kwenye mafuta mpaka zikalainika kama ngozi, nikazibana kati ya mbao mbili zinyooke. Baadaye vibao viwili vya pembe, vya pande mbili za mpini, vilikaa chini ya kitanda changu miezi miwili vikauke polepole. Miezi miwili, Fundi alisisitiza, kwa sababu pembe iliyoharakishwa huendelea kusinyaa hata baada ya kupigiliwa misumari. Halafu msasa, halafu majivu ya kuni yaliyochekechwa, na mwisho kiganja changu mwenyewe, saa nzima, mpaka pembe itoe zile rangi zake: asali, maziwa, moshi. Nilipokuwa nikisugua niliota. Niliota duka mjini, lenye kioo mbele, ndani kitambaa cha buluu, na juu ya kitambaa kisu kimoja tu, na watu wanasimama nje kukitazama. Juu ya mlango limeandikwa Hadija. Sikupita darasa la sita, lakini jina langu nililiandika vizuri.

Na yule aliyesikiliza ndoto hizo ni Kalisti. Alikuwa mwenzangu wa jiliwa ya pili, kijana wa miaka ishirini na minne hivi, Mkatoliki katika karakana ya Waislamu, mwembamba, shingo ndefu, mcheshi kupita kiasi. Kazi yake ilikuwa ulinganifu: alipitisha tupa kwenye springi na kwenye kisigino cha ubapa mpaka kisu kitoe mlio. Kisu kizuri cha kukunja kina milio mitatu, mmoja kikifunguka, mmoja kikisimama nusu, mmoja kikifungwa, na huo wa mwisho uwe kama mlango wa gari la tajiri. Kalisti alifumba macho na kusikiliza. "Hapana, sha," alisema, yaani rafiki yangu. "Hii ni mlango wa taksi." Akapitisha tupa mara tatu, akafunga tena. "Sasa iko waziri." Nilicheka kila siku. Sijui kama nilimpenda. Najua nilisugua pembe polepole zaidi siku alizokuwapo, na nilijua bila kugeuka kama ameingia.

Mwaka ule kila mtu alikuwa mwepesi wa kushtuka. Kila aliyetimiza miaka alitembea na kitambulisho kilichoandikwa kabila lake, na cha Kalisti kilikuwa na neno ambalo lilimfanya abadilishe njia ya kwenda nyumbani mara mbili kwa juma. Vijana walipita barabarani wakipiga filimbi. Redio ya duka la jirani ilicheka sana, ikataja watu, ikapiga muziki, ikataja tena. Mama Zaina alipoleta sinia la chakula cha mchana, ugali na dagaa na kisahani cha nyama kwa ajili ya mumewe, tulikula kimya tukisikiliza jina la nani linatajwa, halafu Kalisti alisema, "Leo siyo mimi, niongeze mchuzi." Fundi Idi alikunja uso. Hakupenda utani wa namna hiyo. Alikuwa mtu mkali, mwenye kikohozi, na mwoga, tulimwona hivyo. Kila mkubwa aliyepita alimwamkia kwa kuinama.

Mkubwa wa mtaa wetu tulimwita Responsabu. Vijana wa filimbi walikuwa wake. Mwezi mmoja kabla ya mambo haya walichukua mbuzi wa Mama Felisita, mjane aliyepakana na Kalisti, wakisema ni mchango wa ulinzi, na jioni mtaa mzima ukanusa harufu ya mchango huo ukichomwa nyumbani kwa Responsabu. Halafu, wakati wa mvua, Responsabu mwenyewe akaja karakana na pembe mkononi, pembe nzuri kuliko zote nilizowahi kushika, nyeupe kama maziwa, ncha nyeusi, ya ng'ombe wa baba yake. Alitaka kisu cha mfukoni, cha heshima, na alikitaka upesi. Fundi alimweleza habari ya miezi miwili. Responsabu akatabasamu, akasema, "Mafundi wangu wa zamani nao walipenda kunichelewesha." Hakusema wako wapi. Basi nami vibao vyake nilivikausha majuma matatu, karibu na jiko, na nikajidanganya kwamba vimekauka.

Kulikuwa na desturi katika karakana yetu. Kabla ya kupigilia misumari, kila aliyegusa kisu alikwaruza alama yake upande wa ndani wa mpini, ule unaolala juu ya chuma, ambao hakuna jicho litauona mpaka kisu kife. Fundi alichora mwezi mwandamo. Mimi nilichora kitana. Kalisti alichora nukta tatu. Alama tu. Maneno yalikatazwa kabisa. "Ukitaka kuandika, nenda posta," Fundi alisema. Mimi nilizipenda alama zile kuliko sehemu zote za kazi. Nilifikiri: mtu huko ng'ambo anakata tofaa, na sisi watatu tumelala ndani ya mkono wake, hajui.

Kisu cha Responsabu kilikuwa kizuri, lazima niseme, ingawa ningependa kusema kilikuwa kibaya. Siku ya kupigilia, Fundi alikuwa ameondoka kwenda kuswali. Kalisti alichukua kibao cha kushoto, akageuka ukutani, mabega yakitikisika kwa kicheko. Nilidhani anachora nukta zake. Aliponionyesha nikaona ameandika, kwa mwandiko wake wa shule, kila z ina mkia mrefu unaopinda juu kama wa mbuzi: Kisu cha mwizi wa mbuzi.

"Futa, Kalisti," nikamwambia.

"Nani atasoma? Ataingia ndani ya mpini na miwani?"

"Futa, nakuomba."

"Dija, kila siku nasema ndiyo mkubwa, ndiyo mkubwa. Acha niseme hapana mahali pamoja tu, hata kama ni gizani."

Nami nilicheka. Hiyo ndiyo dhambi yangu, nilicheka. Nilimshikia kibao mwenyewe alipopigilia msumari wa shaba, tukasawazisha vichwa vya misumari kwa tupa, tukasugua mpaka visionekane. Fundi aliporudi alikifunga, akasikiliza, akasema, "Waziri," na ilikuwa mara ya kwanza kumsikia akitania.

Kiangazi kilikuja. Mwezi wa nane vumbi lilikuwa jekundu mpaka kwenye chai, na pembe niliyoiharakisha ikafanya kile alichokuwa amekisema Fundi. Asubuhi moja, tanuru linawaka, Responsabu akaingia na vijana wake wawili. Alikaa kwenye kiti cha Fundi bila kukaribishwa. Akafungua kisu, akakitikisa karibu na sikio la Fundi. Ubapa ulicheza.

"Hii iko inaimba," akasema. "Mulinipa kisu au kayamba?"

"Pembe imesinyaa kidogo, Mkubwa," Fundi akasema, ameinama. "Ni joto hili. Tuachie, kesho utakipata."

"Kesho hapana. Mutafungua hapa, mbele yangu. Nyie watu wa visu, mtu akigeuka munabadilisha chuma."

Fundi akanisogezea kisu. "Fungua, binti." Sikumtazama Kalisti. Nilimsikia tu. Tupa yake ilikuwa inakwenda mbele na nyuma kwenye jiliwa, kwa mlio uleule, lakini hapakuwa na chuma chochote kilichobanwa pale. Alikuwa anakwangua mdomo wa jiliwa yenyewe.

Nimewahi kuogopa mara nyingi baada ya siku ile, na kwa sababu kubwa zaidi. Lakini woga wa asubuhi ile ndio ninaoujua kwa kila kipande chake, maana ulikuwa na kazi ya kufanya. Ilinibidi nikwangue vichwa vya misumari bila kutetemeka, maana tupa ikiteleza ingeacha mkwaruzo, na mkwaruzo ungemfanya Responsabu asogee karibu. Nilianza na kibao cha kulia. Nilifanya polepole kadiri nilivyothubutu. Nilikuwa naomba mvua, mwezi wa nane. Niligonga msumari ukatoka, kibao kikaachia, na Responsabu akanyoosha mkono. Nikampa. Akakigeuza.

"Hii iko nini?"

"Alama za mafundi, Mkubwa," Fundi akasema. "Huu mwezi ni mimi. Kitana ni huyu binti."

Responsabu alipendezwa. Uso wake ulilainika, akawaonyesha vijana wake. "Munaona? Wanaandika siri ndani." Akanigeukia. "Na mimi mwenye kisu? Jina langu hamukuweka?"

Fundi akaanza kukohoa.

"Pengine iko upande wa pili," akasema, na akasogeza kiti.

Tupa ya Kalisti ikanyamaza. Nilitoa misumari ya kibao cha kushoto. Nilikipokea kiganjani kikiwa kimelala kifudifudi, nikahisi maandishi kwenye ngozi, kila mkia wa z. Mkono wa Responsabu ulikuwa tayari umefunguka mbele yangu, una pete. Nikasema kwa sauti ambayo sikuitambua, "Hiki ndicho kilichosinyaa. Lazima kipate joto kidogo kitanuke tena." Nikageuka, nikakibana kwa koleo, nikakitia katikati ya makaa. Na Kalisti, sijui miguu yake ilimfikishaje, alikuwa tayari kwenye mvukuto. Akavuta mara moja, mara mbili, mara tatu.

Pembe haiungui kwa heshima. Inatoa povu, inajikunja, inanuka kama nywele za mtu. Ile nyeupe ya maziwa ikawa kahawia, ikawa nyeusi, ikapasuka. Kazi bora ya mikono yangu ilikwisha kwa muda wa kusema salamu aleikum. Responsabu alisimama hata kiti kikaanguka. "Pembe ya baba yangu," akasema polepole, na mmoja wa vijana akainua fimbo yake. Kabla haijashuka, Fundi Idi alikuwa amenifikia. Yeye ambaye hakuwahi kumpiga hata paka. Kofi lile lilinizungusha nikagonga ukuta wa tupa, zikaanguka zote ishirini na moja.

"Mjinga," akanifokea, mate yakiruka. "Mwaka mzima nakufundisha joto la pembe. Toka. Toka kwangu, nisikuone tena hapa." Akamgeukia Responsabu, akainama chini kuliko siku zote. "Nisamehe, Mkubwa, hawa watoto wa siku hizi. Nitakitengeneza mwenyewe, kwa pembe nyingine, na ubapa nitaunoa upya." Nilitoka na shavu linawaka. Mlangoni niligeuka. Kijana alikuwa ameshusha fimbo na anacheka. Wakubwa wote wanapenda kuona mtu akipigwa kwa ajili yao. Kalisti alikuwa bado ameshika mpini wa mvukuto, na uso wake ulikuwa na rangi ya majivu.

Nilihamia Masaka, kando ya mji, kwa shangazi yangu, nikawa nalima maharage na kunoa mikasi ya washonaji. Sikumweleza mtu. Ningemwelezaje Fundi kwamba niliunguza kusudi, bila kumtaja aliyeandika? Nikachagua kuwa mjinga, na nikamchukia kwa kuniamini kuwa mjinga. Kalisti alikuja kila Jumapili baada ya misa, kwa baiskeli ya kuazima, na mahindi ya kuchoma mfukoni. Alisema Fundi hazungumzi tena, ila kila mchana anasukuma kile kisahani chake cha nyama upande wa Kalisti, halafu anatazama kando. "Pengine anazeeka," Kalisti alisema. Nilimwomba avuke mpaka, aondoke. Alisema njia ina vizuizi vingi kuliko nyumba. Alisema ngoja mambo yatulie, tutafungua duka lile la kioo. Mimi juu ya mlango, yeye ndani anasikiliza milio. Jumapili thelathini na kitu, sikuzihesabu kwa sababu sikujua zinahesabika. Ilipofika Aprili ya tisini na nne, Jumapili moja hakuja, na sitaandika zaidi hapo. Kila aliyekuwa Kigali anajua, na asiyekuwapo hatajua kwa maneno yangu. Watu walionipenda wameniuliza: kama mwisho ulikuwa uleule, pembe ile uliiunguzia nini? Siku hizi nawaambia alikula mahindi mengi sana kwenye kizingiti changu, na kila mara alinichekesha.

Kisu cha Fundi Idi nilikaa nacho majuma mawili kabla ya kukigusa. Kilikuwa kisu chake mwenyewe, cha kila siku, kile alichomenyea machungwa uani kwa miaka yote hiyo, mpini wa pembe ya kawaida umekuwa mweusi kwa jasho. Jumanne moja nikaweka meza mlangoni kwenye mwanga, nikavaa miwani, nikakwangua vichwa vya misumari. Kibao cha kulia kilikuwa na mwezi wake. Nikagonga misumari ya kushoto, kibao kikaachia, nikakigeuza, na nikakaa chini.

Yule mtu aliyekataza maneno alikuwa ameandika. Alikuwa ameandika kwa taabu, maana mkono wake haukuwa wa kalamu, akiiga herufi za mtu mwingine moja moja, hata mikia: Kisu cha mwizi wa mbuzi. Chini yake nukta tatu, na kando ya nukta, kitana.

Nilimpigia simu Mama Zaina. Nilimwuliza kama anakumbuka siku niliyofukuzwa. "Nakumbuka alikataa kula," akasema. "Alikaa kitandani ameshika mkono wake wa kulia kama umevunjika. Nikamwuliza, Baba Zaina, umefanya nini? Akaniambia, nimempiga fundi bora niliyewahi kuwa naye. Halafu akacheka, mwanangu, akacheka kama kichaa, akaomba nimpe kibao cha pembe na msumari. Ulifikiri hakagui visu vyake kabla ya kuvitoa? Alikuwa amesoma siku ileile kisu kilipokamilika. Alitoa misumari usiku, akacheka peke yake, akaipigilia tena. Alisema angeyafuta maneno yale, ila mikono ilikataa."

Basi alijua. Alipoinama, alijua. Aliponiambia nifungue, alikuwa anangoja kuona nitafanya nini, na hakuwa na njia nyingine ya kunisaidia ila kiganja. Nilitaka kumkasirikia tena, kwa ajili ya miaka yote ile na salamu zote zile za Idi, lakini nilikuwa natafuta msasa. Nilisafisha chuma, nikatia tone la mafuta kwenye kiungo, nikarudisha vibao vyote viwili bila kufuta hata mkia mmoja, nikapigilia misumari mipya ya shaba. Mwanamke wa jirani alisimama barabarani akaniuliza mbona nalia na kazi mkononi. Nikamwambia moshi. Hapakuwa na moto. Nilifumba macho, nikakifunga kisu karibu na sikio, kama alivyofanya Kalisti. Mlango wa taksi. Nikakifungua tena, nikachukua tupa ndogo, nikaanza upya.